Pampu Ikinyamaza, Nani Analipwa Kuisikia?

Mwezi wa Mei, masika yakikolea, pampu za mkono za Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, hupumzika. Mtu aliyeketi ofisini akitazama takwimu zinazoletwa na laini za simu anaweza kudhani visima vingi vimekufa kwa mpigo. Havijafa. Mvua imenyesha, watu wamepanga ndoo na mapipa chini ya mabati, vidimbwi vimejaa, na hakuna mama wa Mivumoni au Kikoneni atakayejitwika mtungi wa lita 20 kutoka kisimani ilhali maji yanamdondokea uani.

Jambo hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walikusanya takwimu za kila saa kutoka pampu 266, wakazipambanisha na rekodi za mvua za kila siku kutoka vituo 19. Makala yao ya 2019, ambayo jina la kwanza ni la Patrick Thomson, inaonyesha kwamba matumizi ya maji ya ardhini hushuka kwa asilimia 34 msimu wa mvua yakilinganishwa na ya kiangazi, na kwamba mvua kubwa ikipiga uchotaji hupungua mara moja. Watu wa afya huisoma makala hiyo kwa wasiwasi, kwani wengi wanaacha maji salama na kufuata yasiyo salama. Mimi ninayeshughulika na vihisi na alamu nimeisoma kwa jicho jingine. Naona kwamba kifaa kinachoarifu kwa kunyamaza hakijaarifu kitu mpaka msikilizaji ajue kule kilipo mvua inanyesha au jua linawaka.

Wenzangu wa taaluma hii wakitaka mfano wa ufuatiliaji wa mbali hukimbilia mitambo ya mafuta ya Ulaya na vituo vya umeme vya Marekani. Kumbe moja ya majaribio yenye mafunzo mengi duniani lilifanyika hapa, kati ya Ukunda na Lunga Lunga, ndani ya mpini wa chuma unaoshikwa kila siku na wanawake na watoto.

Haikutokea kwa bahati kwamba likawa hapa. Pwani ya kusini ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Umoja wa Mataifa ulipotangaza Muongo wa Maji wa 1981 hadi 1990. Benki ya Dunia, UNDP, SIDA ya Uswidi, wizara ya maji na shirika la KWAHO walichimba visima na kufunga pampu, na wanawake wa vijijini wakafundishwa kuzitunza na kuzifungua. Kutokana na kazi ya miaka ile, ya Kenya na ya Malawi, ikapatikana Afridev, pampu ya visima vyenye kina cha hadi mita 45 hivi, iliyobuniwa ili mwanakijiji aweze kuibomoa kwa spana moja, abadilishe sili iliyokwisha, airudishe. Wazo la wakati ule lilikuwa kwamba kijiji kitajitunzia chenyewe: kitachanga fedha, kitachagua kamati, kitanunua vipuri.

Baadhi ya kamati zilifanya hivyo kwa miaka mingi, na zinastahili heshima yake. Nyingine zilikufa pamoja na mwenyekiti wao. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya makadirio ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara na kupata kwamba pampu 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Spana moja haikutosha. Pampu ikiharibika Jumatatu, mchango ukianza Ijumaa, mtu wa vipuri akiwa Ukunda au Mombasa na mweka hazina akiwa safarini, wiki tatu hupita kabla ya mtu kugusa fito za pampu.

Hapo ndipo watu wa Oxford, Rob Hope na Thomson miongoni mwao, walipoleta kifaa chao. Ni kitu kidogo kuliko sifa zake. Ndani yake mna kipima-mwendo cha jamii ileile inayoifanya simu yako igeuze picha unapoilaza, mna kichakataji cha bei ndogo, betri, na laini ya simu. Kinafungwa ndani ya mpini. Mpini ukipanda na kushuka kinahesabu, kinakadiria lita zilizotoka, kisha kinatuma ujumbe mfupi kama ule unaomtumia shangazi yako. Hakipimi maji moja kwa moja wala hakijui kama sili imechanika. Kinajua mpini umekwenda mara ngapi, basi. Mengine yote ni sisi tunaoyakisia.

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa Kyuso, kaunti ya Kitui, mwaka 2013, kwenye pampu 66. Kabla yake pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio muda huo ukaanguka hadi chini ya siku tatu. Takwimu hizo zimesimuliwa kwenye mikutano mingi, na kila ninapozisikia huwa kifaa kimepewa sifa yote. Tuwe waadilifu. Pamoja na kifaa kulikuwa na fundi aliyelipwa mshahara, pikipiki yenye mafuta, na vipuri vilivyonunuliwa mapema. Toa kifaa uache fundi mwenye vipuri na usafiri, utapata sehemu kubwa ya zile siku. Toa fundi uache kifaa, utapata rekodi safi kabisa ya kiu ya watu.

Ushahidi bora wa hilo uko Rwanda. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa pampu 181 zilizofungwa vihisi vinavyotumia mtandao wa simu, zikagawanywa katika makundi matatu. Kundi lililotunzwa kwa desturi ya kawaida lilichukua siku 152 kabla ya tengenezo kufanikiwa, kwa kipimo cha kati. Kundi lililotembelewa na mafundi kwa ratiba nzuri lilichukua siku 57. Kundi la tatu, ambalo mafundi wake walitumwa kwa kufuata taarifa za vihisi, lilichukua siku 21, na pampu zake zilikuwa zikifanya kazi kwa karibu asilimia 91 ya muda. Tofauti ya 152 na 21 ni kubwa sana, na sitaidharau. Ila zitazame hizo siku 21 zenyewe. Taarifa husafiri kwa sekunde. Siku zilizobaki ni barabara, vipuri, ruhusa na fedha.

Kwale ilipopokea vifaa hivyo, mamia yake, iliongezewa kitu ambacho mimi nakiona ndicho ubunifu hasa. Kukaanzishwa kampuni ya huduma, FundiFix, ambayo haiuzi vifaa wala haichimbi visima. Inauza kutengeneza kwa haraka. Jamii inaweka mkataba na kulipa ada ndogo ya kila mwezi, mara nyingi kwa simu, na kampuni inajifunga kurudisha maji ndani ya siku chache, lengo likiwa tatu. Kwa kuwa ada za wanakijiji hazitoshi kubeba gharama zote, mfuko wa udhamini wa matengenezo unajaza pengo kulingana na kazi iliyofanyika.

Sasa swali ambalo kila mzee wa kamati huuliza, nalo ni swali la mtu mwenye akili: kwa nini tusipige simu tu? Kila boma lina simu. Pampu ikiharibika saa moja asubuhi, kufikia saa mbili watu 30 wanajua, na yeyote kati yao anaweza kumpigia fundi. Kihisi kinamzidi nini binadamu mwenye mtungi mtupu?

Kwa habari ya kuharibika, hakimzidi. Mama aliyefika kisimani na kukuta mpini umelegea ana taarifa bora kuliko kifaa chochote: anajua kama maji hayatoki kabisa, au yanatoka kwa tabu, au yana rangi ya kutu, au yameanza kuwa na chumvi. Naamini kabisa kwamba kwa pampu za vijijini simu ya mtumiaji itabaki kuwa alamu ya kwanza, na mradi unaodharau hilo unapoteza fedha.

Lakini simu ya mama haiandiki. Haisemi pampu ilisimama saa ngapi na ikarudi saa ngapi. Fundi akisema alitengeneza Jumanne na kijiji kikasema ni Jumamosi, atakayeamua ni nani? Mfuko ukitaka kulipa kwa siku ambazo maji yalipatikana, utahesabu kwa kitu gani? Hapo kifaa kinafanya kazi ambayo binadamu yeyote wa pale angeshindwa kuifanya bila kushutumiwa kwamba anapendelea upande. Mpini ulianza kupiga tena Jumatano saa tisa alasiri, imeandikwa, haina shangazi wala mjomba katika kamati. Kule Kwale kifaa kilinunuliwa kama kengele, na thamani yake kubwa imetokea kwenye daftari. Kinamfanya anayelipa alipe kwa matokeo, na kinamfanya anayelipwa ashindwe kujificha.

Ukilikubali hilo, mengi katika ununuzi wa mifumo hii hubadilika. Utaacha kuuliza kifaa kinatuma onyo kwa kasi gani, utauliza kumbukumbu zake zinakaa kwa nani, na kama kaunti, kijiji na mkandarasi wote watatu wanaweza kuziona bila kuombana.

Turudi kwenye kimya, maana ndicho kinachowatesa wanaofanya kazi hii kwa mikono. Pampu ya Msambweni haijatuma ujumbe tangu juzi. Huenda imeharibika. Huenda mvua imenyesha. Huenda kuna mazishi na kijiji kizima kimehamia upande wa pili. Huenda betri imekwisha, au laini imezimwa kwa kukosa salio, au mnara wa karibu umekosa stima. Ukielekea Vanga na Lunga Lunga kuna jambo la mpakani linalojulikana na kila mwenye simu kule: laini yako inanasa mnara wa Tanzania na unakaribishwa nchi ya jirani ukiwa umekaa kwako. Kifaa chenye laini isiyoruhusiwa kutumia mtandao wa nje kinaweza kubishana na minara hiyo mpaka betri iishe.

Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Kifaa lazima kitume ujumbe kwa saa maalumu hata kama hakuna lililotokea: nipo, betri yangu iko hivi, nguvu ya mtandao iko hivi, mpini umepigwa mara sifuri. Hiyo sifuri ina thamani kuliko namba nyingine zote, kwa sababu inatenganisha pampu iliyonyamaza na kifaa kilichonyamaza. Wabunifu wengi huikwepa kwa kuwa kila ujumbe unakula betri na kredi. Wanaokoa shilingi chache za kredi, halafu wanamtuma fundi kilomita 40 kwa pikipiki kwenda kukuta watu wanakinga mvua.

Kuna tunda moja la Kwale ambalo hakuna aliyelipanda kwa makusudi. Mpini wa pampu hutetemeka kwa namna inayotegemea mambo mengi, mojawapo likiwa kina cha maji yaliyo chini. Mwaka 2017 timu ya Oxford, ikiwemo mhandisi David Clifton anayejulikana zaidi kwa kuchambua ishara za mwili wa mgonjwa hospitalini, ilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kompyuta ikifundishwa mitetemo hiyo inaweza kukadiria maji yako umbali gani chini. Maana yake ni kwamba mtandao wa pampu za akina mama ungeweza pia kuwa mtandao wa kupima hifadhi ya maji ya ardhini. Kwa pwani hii hilo si jambo la kitabuni. Upande wa bahari tunakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukivuta maji matamu kupita kiasi, bahari husogea kuziba nafasi. Juu ya hifadhi hiyo wamekaa wanavijiji wenye pampu, mahoteli ya Diani, mashamba ya miwa ya KISCOL upande wa Msambweni, na kwa zaidi ya muongo mmoja mgodi wa Base Titanium uliofunga uchimbaji wake Desemba 2024. Ukame wa 2016 na 2017 uliwakuta wote hao wakinywa kutoka mtungi mmoja. Ningependa sana kuona serikali ya kaunti ikilichukua wazo hili na kulilea, kwa sababu visima vya kupimia vinavyochimbwa kwa kazi hiyo tu ni ghali, navyo ni vichache.

Diani kuna ulimwengu mwingine wa alamu. Hoteli ina kisima chenye pampu ya umeme, matangi juu ya paa, chumba baridi cha samaki, jenereta, na kisanduku ukutani chenye laini mbili za simu kinachomwarifu meneja tangi likipungua au joto la chumba baridi likipanda. Vifaa hivi ni vya kiwandani hasa, na vingi ni imara. Adui yao wa kwanza ni hewa ya bahari. Chumvi hupenya kwenye maungio ya nyaya na kuyala polepole, na kisanduku kilichofungwa vizuri mchana hukusanya jasho usiku, achilia mbali sisimizi ambao sijui wanapendea nini joto la vifaa vya umeme. Fundi mzuri hupaka grisi kwenye maungio na kuingiza nyaya kwa chini, kamwe si kwa juu.

Adui wa pili ni stima yenyewe. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani, na Novemba na Desemba mwaka huohuo giza likarudi. Minara ya simu ina betri na mingine ina jenereta, lakini si ya milele. Alamu ya kukatika kwa umeme inayopitia mnara unaotegemea umeme uleule ina muda wake wa kufa, na mwenye hoteli anapaswa kuujua muda huo kabla. Ndiyo maana ninasisitiza ving'ora vya kawaida viwepo palepale, vinavyolia kwa sauti, ili askari wa zamu asikie hata kama meneja aliye Nairobi hajapata ujumbe.

Wa tatu hafikiriwi kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikachechemea kwa siku kadhaa. Kama tangi lako liko Galu, pampu yako iko Galu, na fundi wako anaishi Ukunda, kuna sababu gani ya onyo kupitia kompyuta iliyo Ulaya ndipo limfikie? Mifumo mingi inayouzwa leo imejengwa hivyo. Ujumbe mfupi unaotoka kwenye kifaa kwenda moja kwa moja kwenye simu ya fundi hauvuki bahari. Grafu nzuri na ziende Ulaya. Onyo libaki hapahapa.

Halafu kuna ugonjwa wa alamu kuwa nyingi mno. Katika kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, Wales, kilicholipuka Julai 1994, wahudumu wawili walimiminiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Mwongozo wa sekta uliofuata, EEMUA 191, unapendekeza kwamba mhudumu mmoja asipate zaidi ya alamu moja kila dakika kumi kwa kawaida. Hatuhitaji kiwanda cha mafuta kuuona ugonjwa huu. Weka kipimo cha tangi bila kuacha nafasi kati ya kiwango cha kuwasha onyo na cha kulizima, kisha mawimbi madogo ya maji yapige hapo kwenye mpaka: simu ya meneja italia usiku kucha. Usiku wa tatu ataizima. Hasara inayofuata huandikwa kwa jina la kifaa, na aliyeweka viwango hatajwi.

Nchi nyingine zimeshaanza kuzima mitandao ya zamani ya simu; Marekani kampuni ya AT&T ilizima ya kizazi cha pili tangu Januari 2017, na vifaa vingi vya alamu vikawa vyuma vitupu. Kwetu mtandao huo bado unabeba vifaa vingi sana. Anayenunua leo kifaa cha kukaa miaka kumi na aulize kinaweza kutumia vizazi vipi, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Kaunti sasa zinabadilisha pampu za mkono kwa visima vya sola vyenye matangi na vioski, na kwa Katiba ya 2010 huduma ya maji ni jukumu la kaunti. Kisima cha sola kikisimama, kinachokosa maji si kijiji kimoja. Ni vijiji vinne pamoja na shule. Karibu kila kimoja huja na kisanduku cha kupeleka taarifa, kwa kuwa mfadhili anapenda kuona namba. Mkataba wa ugavi huutaja uwezo wa betri, ukubwa wa paneli na aina ya kisanduku kwa kirefu. Kipengele ninachokitafuta kwanza huwa hakimo: nani anapokea onyo, analipwa na nani, ana saa ngapi za kufika, anapoteza nini asipofika, na vipuri viko katika ghala gani karibu na Msambweni. Kikikosekana, hizo fedha za kisanduku zinunulie sili za pampu, mota moja ya akiba na mafuta ya pikipiki ya mwaka mzima, na nambari ya fundi ipigwe rangi kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa tangi.